Alama Mbele, Alama Nyuma, na Sakafu ya Gudele

Wanangu wa vyuo, nyinyi ambao simu zenu zinajua kila kitu isipokuwa aibu, hebu sogeeni. Nimesikia mwalimu wenu aliandika ubaoni 3 4 + na darasa zima likacheka. Mkadhani maskini amesahau hesabu ya darasa la kwanza. Hongereni. Mmemcheka mtu kwa jambo msilolijua, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupanda cheo siku hizi. Mimi mwenyewe nimepanda kwa njia hiyo, na leo nitawaeleza nilivyoshuka.

Mimi ni mpima ardhi. Tuseme nilikuwa. Nilipima Kenya hadi mvi zikaanza, kisha nikaja Juba kupima vitu ambavyo mvua huja kuvipima upya kila mwaka bila kuniuliza. Mnaniita Mzee Kioko, na mnadhani "mzee" ni heshima. Mara nyingi huwa ni taarifa tu.

Tuanze na hicho kilichowachekesha. Hesabu mliyoizoea huweka alama katikati: 3 + 4. Nzuri, hata mtoto anaisoma. Sasa andikeni 3 + 4 × 5. Mmoja wenu atapata ishirini na tatu, mwingine thelathini na tano, na wote wawili watakuwa na sauti kubwa. Ndipo mnaita mabano yaje kuamua ugomvi, mabano ndani ya mabano, mpaka ukurasa unafanana na uzio wa mbuzi.

Kuna watu walichoka na ugomvi huo. Wengine wakasema alama iende nyuma. Kama unataka tatu na nne zijumlishwe kwanza, halafu jibu lizidishwe kwa tano, andika 3 4 + 5 ×. Chukua tatu, chukua nne, jumlisha, una saba. Chukua tano, zidisha, una thelathini na tano. Hakuna mabano na hakuna wa kubishana naye. Ni kama jikoni: kitunguu kiko mezani, nyanya iko mezani, ndipo kisu kinashikwa.

Wengine wakasema hapana, alama iende mbele. Hesabu ileile inakuwa × + 3 4 5. Zidisha. Nizidishe nini? Jumla ya tatu na nne. Mara ngapi? Mara tano. Hii ni kama msimamizi wa mjengo anayefoka "Beba!" kabla hajakuonyesha mzigo. Lakini ukitulia utaona nayo haina mabano, na nayo haikosei. Kumbukeni maneno haya, nayo haikosei, kwa sababu mimi niliyasema nikiwa nimechelewa sana.

Nilikuwa na kikokotoo cha alama nyuma. Hakina kitufe cha sawasawa. Kina kitufe kimoja kipana cha kuingiza namba, cha kufuta, na alama zake, basi. Juba nimeibiwa buti, nimeibiwa mwavuli, na siku moja soko la Custom niliibiwa kiti ambacho nilikuwa nimekiacha kidogo tu niinuke nikohoe. Kikokotoo kile hakuna aliyekitaka. Jirani yangu mmoja, Mkenya mwenzangu wa benki, kijana msomi na tai yake, alikiazima agawanye wanakwaya kwenye magari ya kwenda harusini. Alikirudisha kabla chai yangu haijapoa. Aliniambia kimeharibika. Nikamwambia kwa upole mwingi kwamba kati yao wawili, kikokotoo kiko sawa.

Mnaona nilivyokuwa. Mtu akishajua kitu kimoja ambacho wenzake hawakijui, hata kutembea kwake hubadilika.

Aliyenifundisha mashine hiyo ni mzee Barasa, kule Kitale, mtu wa maneno machache na penseli ngumu. Alinieleza kwamba ndani ya mashine namba hupangwa kama viti vya plastiki vya kanisani, kimoja juu ya kingine. Unayoingiza mwisho inakaa juu. Ukibonyeza alama, mashine inachukua viwili vya juu, inavifanyia kazi, inarudisha kimoja chenye jibu. Kisha akaniambia jambo la muhimu kuliko yote, kwamba mashine ile ina nafasi ya viti vinne tu. Ukiweka cha tano, cha chini kabisa kinatupwa nje. Mashine haipigi kelele wala kuwasha taa. Na kila rundo linapopungua, kile kinachobaki chini kinajinakili kujaza pengo, kwa hiyo namba moja imepotea na nyingine inahesabiwa mara mbili. Sheria yake ilikuwa fupi: ingiza mbili, piga alama, ongeza moja, piga alama, songa hivyo hivyo. Nikirundika namba, penseli ilishuka kwenye vidole vyangu.

Niliifuata sheria ile miaka mingi. Halafu Barasa akastaafu, penseli ikaenda naye, na mimi nikagundua kwamba vijana hushangaa sana ukiingiza namba zote mfululizo bila kutazama, halafu ukapiga alama tat-tat-tat mwishoni kama mpiga ngoma. Jibu linatokea. Vijana wanasema, "Eeeh, Mzee." Namba zikiwa nne, jibu ni sahihi kabisa. Na nyingi zilikuwa nne. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini mpigaji ndiye wa mwisho kusikia.

Sasa Keji. Keji alikuwa binti wa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, akasomea upimaji Kampala, akarudi nyumbani na daftari la miraba na msimamo. Aliletwa kwangu kwa majaribio ya miezi mitatu kwenye mjengo wa zahanati ya akina mama wajawazito, Gudele. Mwisho wa miezi hiyo ningejaza fomu moja: anafaa, au hafai. Ajira yake yote ilikaa kwenye kalamu yangu, na yeye alijua, na mimi nilihakikisha anajua.

Keji aliandika alama mbele. Mtu wa kwanza niliyekutana naye kazini anayeandika hivyo kwa hiari yake. Daftarini kwake kujumlisha namba tano kulikuwa alama nne za kujumlisha kwanza, zimepangwa kama askari wa kambi ya Bilpam kwenye gwaride, halafu namba tano nyuma yao. Aliniambia hivyo ndivyo kichwa chake kinavyosikia kazi: kwanza aambiwe afanye nini, ndipo apewe vitu. Tena alikuwa na ukaguzi wake. Alama ziwe pungufu ya namba kwa moja, zikizidi au zikipungua kuna kitu umesahau. Kisha anakokotoa kwa mkono, mstari kwa mstari, na kila jibu la njiani analiacha limeandikwa.

Nilimcheka wiki nane. Nilimwita "Alama Mbele" mbele ya mafundi. Asubuhi nilimsalimia, "Jumlisha, habari, yako." Mafundi walikufa kwa kicheko, na ninyi mnaotabasamu hapo acheni, haikuwa na uchekeshaji wowote. Yeye alijibu tu, "Nzuri, Mzee," akaendelea kuandika. Utulivu wake uliniudhi kuliko tusi lolote. Nilishaamua moyoni kwamba kwenye fomu nitaandika hafai.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gudele mvua ikinyesha kwelikweli, lile khor, korongo la maji linalokauka kiangazi, hufurika na maji huingia majumbani. Hakuna ofisi yenye kitabu cha kuonyesha maji yalifika wapi. Kitabu ni kuta za watu. Unabisha hodi, unasalimia, unakaa, unakunywa ulichopewa, ndipo unauliza mwaka mbaya kuliko yote maji yalifika wapi. Mama mwenye nyumba anakuonyesha ukutani, unachora mstari wa mkaa. Mstari wetu wa juu kabisa ulikuwa kwenye ukuta wa Mama Poni, mjane aliyeuza mboga upande wa pili wa kiwanja. Tulianza kwenye nguzo ya zege ambayo ndiyo alama yetu kuu, tukasogeza darubini ya kupimia kimo mara nne hadi ukutani kwake, kila hatua ikatoa namba moja, nikajumlisha: mstari wa mkaa uko sentimita 240 juu ya alama kuu. Namba nne. Sahihi.

Sakafu ya zahanati ilitakiwa kuwa sentimita 40 juu ya mstari huo wa mafuriko, yaani 280. Ilibaki kujua kigingi cha kiwanja chetu kiko juu ya alama kuu kwa kiasi gani, ili tujue udongo wa maram ujazwe kimo gani. Njia ya kwenda kwenye kigingi ilikuwa ya kuzunguka ua wa watu, kwa hiyo tulisogeza darubini mara tano. Kila hatua ardhi ilipanda: 31, 84, 12, 46, 27.

Nikaingiza zote tano bila kutazama. Tat-tat-tat-tat. Jibu: 253. Kwa hiyo jaza sentimita 27 tu, mwaga zege, twende nyumbani.

Ladu, msimamizi wa mjengo, aliipenda namba hiyo kama mwanawe. Sentimita 27 ni malori machache ya maram, na malori ndiyo yaliyokuwa yanamnyima usingizi. Mama Poni alikuwa amesimama pale na beseni lake. Alisikia nikieleza kwamba kwa hesabu zangu maji hayajawahi kufika kwenye kigingi hiki. Akaja mpaka penye kigingi, akanyoosha kidole kwenye goti lake.

"Mwanangu, maji ilifika hapa. Mimi nilisimama hapa na mtoto mgongoni."

Nilimwambia, kwa ile sauti tunayowatunzia akina mama wa mboga, kwamba mashine haisemi hivyo. Ndiyo, niliyasema hayo kwa mdomo huu. Alinitazama, akachukua beseni lake, akaenda.

Asubuhi ya kumwaga zege Keji alinifuata na daftari lake. Alisema ana jibu lake, na liko tofauti na langu. Lake lilikuwa 200. Kwa hesabu yake sakafu ilihitaji kuinuliwa sentimita 80, na kwa hesabu yangu akina mama wangejifungulia majini mvua kubwa ikija. Alinieleza kwa sauti ya chini, pembeni, kunilindia heshima. Na mimi, kwa shukrani zangu zote, nikaita watu.

Nilimwita Ladu na mafundi wote waje waone namna mtu anavyokosea akianza hesabu kwa kichwa chini miguu juu. Ladu alitazama mashine ya kuchanganyia zege iliyokuwa tayari inazunguka, akatazama saa, akakasirika. Alisema hana muda wa wapimaji wawili wenye namba mbili. Aliyekosea ataondoka leo hii, sakafu haiwezi kusubiri kalam, maneno maneno ya watu. Alipokuwa anasema alimtazama Keji, na wote tulijua ameshaamua ni nani. Keji alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Akalifungua, akanigeukia.

"Mzee, hesabu tena. Lakini anza na ile ya mwisho, malizia na ile ya kwanza. Kujumlisha haichagui nani anatangulia."

Nilicheka. Nikasema haya, hata ukitaka nianzie katikati. Nikainua kikokotoo juu kila mtu aone vidole vyangu. 27, 46, 12, 84, 31. Tat-tat-tat-tat. Nikakishusha nisome.

219.

Wanangu, nimewahi kunusurika ajalini na nimewahi kufukuzwa na nyuki nikiwa nimebeba darubini. Sijawahi kupata baridi kama ile niliyoipata jua likituchoma. Kujumlisha hakuchagui nani anatangulia. Mia mbili hamsini na tatu haiwezi kuwa mia mbili kumi na tisa. Nikaona viti vya kanisani. Nikaona cha tano kikipanda na cha chini kikiruka nje bila sauti. Mara ya kwanza nilipoteza 31 na kuhesabu 84 mara mbili. Mara hii nimepoteza 27 na kuhesabu 46 mara mbili. Barasa alikwisha kuniambia yote hayo kabla Keji hajazaliwa.

"Ngapi?" Ladu akauliza.

Hapa ndipo ninapotaka msikilize, simu wekeni chini. Kioo cha kikokotoo kilikuwa kimeelekea kwangu peke yangu. Daftari la Keji lilibaki na kila hatua yake, wino juu ya karatasi, yeyote angeweza kuisoma. Mashine yangu haibaki na kitu. Kidole kimoja kwenye kitufe cha kufuta na hakuna ushahidi duniani. Ningesema "253, ileile," Ladu angefurahi, zege lingemwagwa, Keji angepanda boda akiwa na mfuko wake, na fomu yangu ingekuwa imejijaza. Kidole changu kilikwenda kwenye kitufe. Sitawadanganya kwamba hakikwenda. Kilikaa pale muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu nusu. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya sakafu. Niliogopa kuchekwa na mafundi.

Nikasema, "Mia mbili kumi na tisa."

Ladu akauliza, na ile ya kwanza? Nikasema mia mbili hamsini na tatu, na kwamba zote mbili ni uongo, na mwongo ni mimi. Fundi mmoja alianza kucheka akaacha.

Nikafanya nilivyofundishwa na penseli. 31, 84, alama: 115. 12, alama: 127. 46, alama: 173. 27, alama: 200. Nikampa Ladu mashine ashike mwenyewe. Bado hakuamini, naye alikuwa na haki, mtu akishapewa namba tatu na mzee mmoja asubuhi moja. Basi mafundi wakatoa mpira wao wa maji, ule mrefu unaoonyesha maji ndani, ambao wanasawazishia kuta. Ncha moja tukaipeleka kwa Mama Poni, kwenye mstari wa mkaa, nyingine tukaisimamisha kwenye kigingi. Maji hayana alama mbele wala nyuma. Yalitulia sentimita arobaini juu ya kigingi. Mama Poni alikuja polepole, akasimama kando ya ule mpira, akalinganisha na goti lake.

Ladu alizima mashine ya zege. Alisema "khalas," yaani basi imekwisha, akaanza kupiga simu za maram, uso umemkunjamana kama mtu aliyemeza kwinini. Akauliza nani atasaini kimo kipya. Nikamwambia asaini Keji. Nikaomba ile fomu, nikaiandika pale pale juu ya goti: anafaa. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo. Nikajaza kwamba anafaa kuliko mwalimu wake. Kisha nikamkumbusha Ladu neno lake, kwamba aliyekosea ataondoka leo. Akasema, "Malesh, Mzee, usijali, hayo yalikuwa maneno tu." Nikamwambia kwangu hayakuwa maneno tu, na nikaanza kukunja darubini.

Nilidhani hapo Keji atasema asante. Kusema kweli nilikuwa nimeshaandaa jibu, jibu la unyenyekevu, zuri sana, lenye methali ndani. Nilijiona mtu mkubwa. Nimekiri mbele ya watu, nimemwokoa binti, nimeokoa sakafu, sasa naondoka taratibu kichwa kikiwa kimeinama kiasi. Alinijia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakuwa analia, na wala hakuitazama ile fomu.

"Mzee, zile zingine zote, ulihesabu na njia gani?"

Nikamuuliza zipi. Akazitaja kwa vidole: karavati la barabara ya Bilpam, matangi ya maji, madarasa, kila kimo nilichokisaini tangu nije Juba. Sikukumbuka zipi zilikuwa nne na zipi zilikuwa tano. Nilikuwa napiga bila kutazama, si niliwaambia.

Tulikaa juu ya mifuko ya saruji, nikatoa madaftari yangu kwenye sanduku la darubini, yamefungwa kwa mpira. Yeye akafungua lake ukurasa mpya. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na namba nne, tukazijumlisha, ikatoka sawa, nikashusha pumzi. Wa pili ulikuwa na namba sita. Juu yake, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa kujivunia, nilikuwa nimeandika: shule ya chekechea, vyumba vitatu.

Keji alisimama kwenda kumwomba Ladu gari la kutupeleka kwenye chekechea hiyo. Mimi nikabaki na kalamu yake mkononi, nikaandika alama tano za kujumlisha mbele ya zile namba sita, na nikazihesabu mara mbili.